Gauni la Malkia wa Vifungo

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tano, mwaka 2017, duka la vitambaa la Othmani pale Fordsburg, Johannesburg, lilikuwa limejaa hadi kwenye ngazi za nje. Majora yalishushwa na kupandishwa, makasi yalilia, na wanawake wa kila taifa walibishana bei kwa lugha sita. Katikati ya msukumano huo alisimama Marthe, mshonaji kutoka Lubumbashi, amevaa koti la sufu la rangi ya damu ya mzee alilojishonea mwenyewe, kilemba cha kitenge kichwani, na futi kamba bado inaning'inia shingoni kwa jinsi alivyotoka nyumbani mbio. Alifuata lesi ya wasimamizi wa arusi. Hakufuata mwanamume.

Mbele yake kwenye foleni, kijana mrefu mwenye miwani alikuwa anamwonyesha Othmani simu yake.

"Nataka mita saba za sateni kama hii."

"Rangi gani?"

"Hapo ndipo shida. Picha ni nyeusi na nyeupe. Ilipigwa mwaka 1910."

Othmani alicheka mpaka akaweka makasi chini. Marthe alichungulia juu ya bega la yule kijana. Ndani ya simu alikuwamo mwanamke wa Kizungu amesimama jukwaani, amegeuza mgongo nusu. Gauni lilimbana kiuno kisha likafunguka chini kama mwavuli, na kutoka shingoni hadi kiunoni vilipangwa vifungo visivyohesabika.

"Ile si sateni," Marthe alisema.

Kijana akageuka. "Samahani?"

"Si sateni, kaka. Angalia namna inaanguka. Sateni inateleza. Ile inasimama yenyewe. Ni tafeta."

"Na wewe unaijua tafeta ya mwaka 1910?"

"Miye najua tafeta. Mwaka haibadilishe kintu."

Foleni nzima ikacheka, na yule kijana akacheka kuliko wote, akavua miwani akaifuta kwa sweta lililotoboka kiwiko. Marthe aliliona lile tundu kabla hajayaona macho yake vizuri. Alipoyaona, akajikuta anaangalia lesi.

"Naitwa Kamande," alisema. "Tafadhali, usiondoke kabla hujaniambia nimwombe mita ngapi."

Walikaa saa mbili nzima kwenye mgahawa wa jirani, sambusa na chai ya maziwa mbele yao. Kamande alikuwa Mkenya, mwanafunzi wa udaktari wa falsafa pale chuo kikuu, na kwa miaka mitatu alikuwa akiandika historia ya mchezo mmoja wa kuchekesha wenye nyimbo.

"Unaitwa Malkia wa Vifungo," alieleza. "Binti anauza vifungo dukani. Matajiri wanamdhania kuwa binti wa mfalme fulani, na yeye hana haraka ya kuwasahihisha."

"Kwa nini awe na haraka, kama wanamupa chai nzuri?"

"Hebu sikiliza. Ulifunguliwa London mwaka 1908. Usiku wa kwanza watu walizomea sehemu ya tatu. Mwenye kampuni akaikata yote, akaongeza nyimbo mbili, akabadilisha mwimbaji mkuu. Baada ya hapo ukumbi ulijaa zaidi ya siku mia tatu! Mwaka 1910 kampuni ya kusafiri ikauleta hapa Johannesburg, meli hadi Cape Town, kisha treni. Jumba lenyewe lilishabomolewa, sasa ni maegesho ya magari. Nimeandika kurasa mia mbili."

"Kurasa mia mbili juu ya vifungo?"

"Na bado sijamaliza. Wiki ya tatu, jina la mwimbaji mkuu linatoweka kwenye magazeti. Hakuna anayejua kwa nini."

Marthe aliegemea mkono shavuni. Hakujali hata kidogo mwimbaji wa mwaka 1910 alikwenda wapi, lakini alipenda jinsi mtu huyu alivyojali.

Sasa, kumbe, Malkia wa Vifungo alikuwa anarudi. Placide, mwalimu wa maigizo kutoka Bujumbura, alikuwa amekusanya waimbaji wa kwaya za mitaa ya Hillbrow na Yeoville ili auchezeshe tena kwenye ukumbi wa zamani wa kanisa, mwezi wa nane, na nyimbo mbili ameshazitia Kiswahili. Walikuwa na kila kitu isipokuwa mavazi.

"Wewe unashona nguo za jukwaani?" Kamande aliuliza.

"Nashona nguo za watu. Wakipanda jukwaani ni juu yao."

Hivyo ndivyo Marthe alivyoipata kazi, na hivyo ndivyo Kamande alivyoanza kufika mtaa wa La Rochelle kila Jumamosi, kwenye chumba cha nyuma cha saluni ya Tantine Mamie, dada mdogo wa mama yake Marthe. Mbele, Tantine alisuka nywele za wateja. Nyuma, cherehani ililia na Kamande alikaa juu ya sanduku akisoma magazeti ya kale kwa sauti. Siku ambayo hakuja, alipiga simu.

"Umekula?"

"Nimekula. Weye?"

"Mkate na chai."

"Kila siku mkate na chai! Utakufa na vitabu mukononi, chéri. Kuja nikupikie bukari, ile munaita ugali."

"Umeniita nani?"

"Sikukuita muntu."

"Nimesikia, Marthe. Umesema chéri, yaani mpenzi. Nitaandika kwenye kitabu: mwezi wa sita, tarehe kumi na saba, saa moja jioni."

Alimshonea kiraka kwenye kiwiko cha sweta, kiraka cha kitenge cha samawati, kwa makusudi ili kionekane. Kamande alilivaa sweta hilo chuoni bila aibu. Kwa Marthe, hilo lilizidi busu lolote. Na mabusu nayo yalikuwa yameanza.

Kisha akaja Jemimah.

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa saba, baridi imekaza, siku ya kuwapima waigizaji. Jemimah ndiye aliyechaguliwa kuwa Malkia mwenyewe. Alifanya kazi benki huko Randburg, na aliingia ukumbini kama anayeingia kwenye mkutano: viatu virefu, koti la rangi ya ngamia, nywele fupi, manukato yaliyofika kabla yake. Alipofungua mdomo kujaribu wimbo wa kwanza, hata mlinzi wa mlangoni aliingia ndani kusikiliza.

"Marthe, huyu ni Jemimah," Kamande alisema. "Tunafahamiana toka Nairobi."

Tunafahamiana. Neno pana hilo. Marthe alilipokea bila kulipima. Akazungusha futi kamba kiunoni kwa Jemimah, sentimita sitini na sita, na moyoni akajihesabu yeye mwenyewe, akakuta sabini na tisa.

"Kama," Jemimah akaita juu ya kichwa chake, "hebu nishikie mkoba, mpenzi."

"Kama ndio nani?" Marthe aliuliza, pini mdomoni.

"Ni huyu. Wote nyumbani tunamwita Kama."

Wote nyumbani. Marthe alikuwa amemwita Kamande, na chéri, na mara moja gizani moyo wangu. Hakujua kuwa kuna jina jingine la mlango wa nyuma, na kwamba mwanamke huyu ana ufunguo wake.

Tangu siku ile akawa mtu wa kuhesabu. Alihesabu mara ambazo Jemimah aliuliza swali ambalo jibu lake ni lazima Kamande alieleze akiwa ameinama karibu. Alihesabu vikombe vya kahawa ambavyo Jemimah alimletea Kamande. Kamande akisema, "Jemimah anadhani mwimbaji wa 1910 aliugua," Marthe alisikia jina moja tu katika sentensi nzima.

"Mbona umenyamaza leo?" Kamande alimwuliza siku moja wakitembea, wamesimama kwenye robot, taa za barabarani, wakingoja kuvuka.

"Nasikiliza."

"Unasikiliza nini?"

"Jemimah anadhani nini tena?"

Kamande alicheka, akamvuta ubavuni. "Wewe! Unaona wivu?"

"Apana," Marthe alisema upesi mno. "Niko na cherehani. Wivu ni ya watu hawana kazi."

Mwishoni mwa mwezi Kip, rafiki yake Kamande, aliwaalika watu nyumbani kwake Randburg kuchoma nyama. Ilikuwa Jumapili mchana, jua la baridi linang'aa bila kupasha joto. Marthe alivaa gauni la kitenge la mabega yaliyosimama, njano na kijani, alilolishona kwa siku tatu, na alijua amependeza, maana wanaume walinyamaza alipopita na wanawake wakauliza fundi ni nani. Kamande alimshika mkono mbele ya watu. Kwa saa moja Marthe alikuwa na amani.

Alikwenda jikoni kuchukua chumvi. Dirisha lilikuwa wazi, na chini yake Kip alikuwa anageuza nyama na kuongea na mtu.

"Dunia hii! Nani angedhani Kama na Jemimah watakuja kukutana mji mmoja? Na pete ile alivyomvalisha! Mwaka 2014 mimi nilishanunua suti, bwana. Wiki tatu kabla ya mahari, puu, kila kitu kikafa."

Marthe alisimama na chumvi mkononi. Kwa nje, Jemimah alikuwa anapita karibu na Kamande. Akanyoosha mkono akamtoa jivu kwenye kola, bila kufikiri, kama mtu anayejitoa jivu kwenye kola yake mwenyewe.

Angeweza kumwuliza. Alikuwa na njia nzima ya kurudi La Rochelle ya kumwuliza. Badala yake, ndani ya teksi, alisema kichwa kinamuuma, na Kamande akamfunika shali akanyamaza ili alale. Hakulala. Alikaa amefumba macho akimwona Kamande akipiga magoti mbele ya koti la rangi ya ngamia.

Lile gauni kubwa lilikaribia kwisha wiki ya pili ya mwezi wa nane. Tafeta ya kijani kibichi, rangi waliyoichagua pamoja siku ya sambusa. Kiuno sentimita sitini na sita. Mgongoni vifungo arobaini na viwili alivyovishona kimoja kimoja. Vifungo vilikuwa pambo tu. Jemimah angelivaa kwa zipu ya ubavuni, na kilichoushika mgongo kilikuwa mshono mmoja uliojificha chini ya vifungo. Mshono huo Marthe alikuwa ameupiga bandi kwanza, kwa ule uzi mwepesi wa kushikiza nguo ya kujaribia, uzi ambao ukivutwa unakuja wote. Kazi iliyobaki ilikuwa kuupitisha kwenye cherehani. Dakika kumi.

Alikaa mbele ya cherehani mguu juu ya pedali. Simu ikaita. Kamande.

"Mrembo wangu, siwezi kuja leo. Jemimah ana wasiwasi na ule wimbo wa pili, nimemwahidi nitamsikiliza."

"Sawa."

"Umekasirika?"

"Kwa nini nikasirike?"

Alikata simu. Akaliondoa gauni kwenye cherehani, akalipiga pasi, akalitundika. Hakukata uzi, hakutoboa kitambaa, hakufanya lolote. Aliacha tu. Akajiambia kwamba amechoka na atamalizia kesho, na kesho yake akalipeleka ukumbini jinsi lilivyo.

Onyesho la majaribio, mbele ya wageni walioalikwa, lilikuwa Jumamosi saa tisa mchana. Ukumbi ulijaa: wachungaji na wake zao, walimu wa chuo, majirani wa ghorofa za Hillbrow waliokuja kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Marthe alisimama nyuma ya pazia na mto wa sindano mkononi. Sehemu ya kwanza ilipita kwa vicheko. Jemimah aling'aa. Kila alipoinua mikono, Marthe aliutazama mgongo wa gauni. Nusu yake ilikuwa inangoja. Nusu nyingine ilikuwa imeanza kuomba lisitokee.

Placide akapita akigawa vijitabu vya onyesho. "Shika, ndugu yangu, kimetoka kuchapishwa sasa hivi. Yako iko ukurasa wa pili. Kamande alinipigia kelele wiki nzima."

Marthe akafungua. Ukurasa wa kwanza kulikuwa na majina ya waigizaji. Ukurasa wa pili kulikuwa na makala ya Kamande, na mwishoni aliandika hivi:

"Barua niliyoipata mwezi jana imenipa jibu nililolitafuta miaka mitatu. Mwimbaji mkuu aliondoka Johannesburg wiki ya tatu kwa sababu mchumba wake, aliyeimba naye, alianza kutembea na mwingine. Msichana wa kwaya alipewa nafasi yake, na ndani ya siku mbili gauni likabadilishwa limwenee. Barua inasema tu, 'mshonaji wetu hakulala.' Programu ya mwaka 1910 inamtaja muuza kofia, muuza viatu na mwenye piano. Mshonaji haimtaji popote. Mavazi ya onyesho hili yameshonwa na Marthe Kasongo, wa La Rochelle. Bila yeye ningekuwa bado natafuta sateni."

Alisoma jina lake mara mbili. Kisha akasikia piano ikianza wimbo wa pili, ule wenye mizunguko, na akakimbia.

Alifika ukingoni mwa jukwaa akapunga mikono miwili. Jemimah alimwona, akadhani anashangiliwa, akamrushia tabasamu na kuzunguka kwa nguvu zaidi. Mgongo ukaachia. Vifungo arobaini na viwili viligawanyika na tafeta ikafunguka kutoka shingoni hadi kiunoni kwa sauti iliyosikika hadi viti vya mwisho. Watu walicheka, walidhani ni sehemu ya mchezo. Jemimah akarudi kinyumenyume ili aufiche mgongo wake, kisigino kikakosa ngazi ya jukwaa, akaanguka juu ya mkono.

Kicheko kikakatika.

Walimleta nyuma ya pazia, uso umemgeuka rangi, kifundo cha mkono kinavimba. Placide aliokota pande la gauni, akavuta uzi kwa vidole viwili, na uzi ukaja wote.

"Hii ni nini? Marthe, hii ni nini?"

"Ni bandi," Marthe alisema. "Sikuishona. Nilijua."

"Ulijua?"

"Nilijua itaachia. Nilitaka acheke… watu wamucheke. Sikutaka aanguke. Jemimah, nakuomba, sikutaka uanguke."

Kamande alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana. "Kwa nini, Marthe?"

Hapo ndipo wiki zote zile zikamtoka mdomoni kwa mkupuo.

"Unaniuliza kwa nini? Weye unajua nani alimwacha nani mwaka 1910! Umeandika kurasa mia mbili! Lakini hukujua kuniambia nani uliachana naye mwaka 2014. Nilimupima kiuno muntu ulimuvalisha pete, Kamande. Nilikuwa magoti chini mbele yake na pini mudomoni, na nyinyi wawili munajua, na miye sijui."

Jemimah alifumba macho. Kamande akachukua funguo za gari aliloazima kwa Kip.

"Lazima apelekwe hospitali," alisema, na akaondoka akimshika Jemimah bega.

"Na wewe uende nyumbani," Placide alimwambia Marthe, bila kumtazama.

Alikwenda, gauni limekunjwa mikononi.

Tantine Mamie aliisikiliza habari yote huku akisuka, na alipofika mwisho wa mstari wa nywele akasema, "Uliumiza mutoto wa wenyewe sababu ya wivu. Ungeniumiza miye ningekuitia polisi." Kisha akamwekea bukari na samaki, maana alikuwa mama yake mdogo.

Simu iliita siku tatu. Siku ya nne Marthe akaipokea.

"Usikate," Kamande alisema.

"Mukono yake?"

"Kuna ufa kwenye mfupa. Daktari amesema wiki sita. Ataimba, amekataa kuacha." Akavuta pumzi. "Ulilofanya ni baya, Marthe."

"Najua."

"Na mimi nilificha. Nilijiambia ni mambo yaliyopita, hayana maana. Kumbe niliogopa utaniangalia tofauti. Kila nilipotaka kusema, niliona nimeshachelewa, na kila siku nikazidi kuchelewa."

"Bado unamupenda?"

"Hapana."

"Ulingoja kidogo kabla ya kujibu."

"Nilikuwa nameza mate! Aki, wewe mwanamke!"

Marthe nusura acheke, akajizuia. "Usije, Kamande. Sijui bado nikuambie nini. Usije."

Aliyekuja alikuwa Jemimah.

Alifika Alhamisi mchana, peke yake, bila manukato, mkono umefungwa plasta nyeupe hadi kiwikoni. Tantine Mamie alimpisha njia bila neno. Marthe alisimama nyuma ya cherehani, hakujua aweke wapi mikono.

"Nilitaka kukuja kukutukana," Jemimah alisema, akaketi juu ya sanduku la Kamande. "Nimefanya mazoezi njiani. Halafu nimeona ngazi zenu, nimechoka."

"Nitukane tu. Ni haki yako."

"Nitakuambia kwanza kitu kimoja, ndio nikutukane vizuri. Nairobi mimi ndiye niliyemwacha. Nilipata kazi hapa, nikachagua kazi. Sikumlilia hata siku moja." Akakwaruza ukingo wa plasta. "Lakini mwezi wa saba, nilipoona ile sweta na kiraka chako, nilimwuliza kama tunaweza kujaribu tena."

Marthe aliketi.

"Akasema nini?"

"Alikataa kabla sijamaliza sentensi. Na mimi nikaendelea kumwita aje anisikilize nikiimba, nikijua unaona. Kwa hiyo hukuwa mwenda wazimu. Ulikuwa unaona kitu. Ila mkono wangu ni mkono, Marthe. Ungeniuliza."

"Ningekuuliza," Marthe alisema, na machozi yakamtoka mfululizo. "Nisamehe. Niliogopa jibu."

Upande wa mbele mashine ya kukaushia nywele ilinguruma.

"Jumamosi ndiyo ufunguzi," Jemimah akasema hatimaye. "Placide amepata gauni la kukodi, linaninyonga, lina rangi ya dawa ya meno. Silivai. Unaweza kunitengenezea mkono wa gauni unaoingia plasta hii?"

"Placide hanitaki."

"Placide hawezi kuimba sehemu yangu. Nikisema nakutaka, anakutaka."

Marthe akafuta uso, akachukua futi kamba. "Leta mukono. Taratibu. Na simama, nipime kiuno tena."

"Ni sitini na sita."

"Ni sitini na nane. Umekula mkate wa hospitali."

"Ushetani wako bado upo," Jemimah alisema, lakini alikuwa anacheka.

Mgongo Marthe aliupitisha cherehani mara tatu. Mikono ya gauni aliikata upya, mipana kama kengele, ikafunika plasta hadi vidoleni, na Jumamosi mchana wale walioketi ukumbini walidhani ndiyo mitindo ya mwaka 1910. Kamande peke yake alijua sivyo. Alisimama nyuma ya ukumbi, akaangalia mikono ile ya kijani ikipepea, kisha akazunguka akapita mlango wa nyuma. Marthe alikuwa ameketi kwenye kikapu cha nguo, ameshika uzi na sindano tayari.

"Umeharibu historia," alimnong'oneza. "Mikono ile haikuwepo."

"Andika kwenye kitabu yako."

"Nitaandika." Akachuchumaa mbele yake. "Kesho nataka kuja kwa Tantine. Na Kip, anisemee. Nije?"

Marthe alichungulia penye pazia. Jukwaani Jemimah alikuwa anazunguka, na mshono ulishika.

"Kuja baada ya ibada," alisema. "Na uvae sweta yangu."

Walifika saa saba, Kip katika suti, ile ile aliyoinunua kwa arusi iliyokufa, jambo ambalo Marthe aliligundua kwa jicho la fundi na akaamua kulinyamazia kwa wakati huo. Tantine Mamie alikuwa amefunga saluni na kupanga viti vya wateja mduara. Kip alianza hotuba ndefu kuhusu mbegu na shamba. Tantine akainua mkono.

"Weye kaa chini. Nataka kusikia huyu. Kijana, taja wanawake wako. Wote. Na miaka."

"Tantine!" Marthe alisema.

"Nyamaza. Si ndiyo ulivunja mukono ya muntu sababu ya kutojua? Basi ijulikane."

Kamande akakohoa. Akataja. Walikuwa watatu tu, mmoja wa shule ya sekondari aliyemwandikia barua mbili. Na kuhusu Jemimah alisema yote, pete na mahari na mwezi wa saba, bila kukwepa. Marthe alisikiliza ameinamisha kichwa. Kamande alipofika kwa yule wa sekondari, Marthe aliuliza, "Anaishi wapi sasa?" na hakutania.

"Eldoret. Ana watoto wanne."

"Sawa."

Tantine akamgeukia. "Umesikia yote. Unamutaka?"

Kabla hajajibu, simu ya Kamande ikaita mezani. Jina likang'aa, wote wakalisoma: Jemimah. Kip alitazama dari. Kamande akaweka mikono yake miwili juu ya magoti asiiguse.

Marthe akaichukua.

"Allo? Ndiyo, ni miye… Hapana, hawezi kuongea sasa. Yuko ananiposa."

Marthe akabonyeza spika, na sauti ya Jemimah ikasikika chumba kizima. "Amepiga magoti?"

"Bado."

"Mwambie apige. Huyo hapendi kupiga magoti."

Marthe akashika simu vizuri zaidi. "Kwako alipiga?"

"Alikataa. Alisema suruali ni mpya."

Uso wa Marthe ulifunguka polepole, akashindwa kuuzuia. Akaweka simu mezani bila kuikata, akakunja mikono, akamtazama Kamande, kisha akaitazama sakafu ya saluni ambayo Tantine alikuwa bado hajaifagia.

"Umesikia," alisema.

Kamande akasimama, akavua miwani, akashuka kwa magoti yote mawili katikati ya vipande vya nywele bandia.

"Marthe," alianza.

"Namutaka, Tantine," Marthe alisema. "Lakini mwache amalize kwanza. Nataka asikie huyo mwingine kwenye simu."